Namna ya Kupima Dai la Uteuzi Asilia kwa Mfano wa Selimundu na Malaria

Dai la kwamba sifa fulani ya kiumbe imeenea kwa uteuzi asilia, yaani kwa sababu wenye sifa hiyo hunusurika na kuzaa zaidi ya wengine, linapimika, mradi mpimaji aulize maswali yake kwa mpangilio na akatae jibu lisilo na ushahidi. Mwongozo huu unatumia mfano wa selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu, kwa sababu sehemu kubwa ya ushahidi wake ilikusanywa Kenya na Uganda, na kwa sababu ugonjwa wenyewe ungalimo katika familia nyingi za Afrika Mashariki.

Anza kwa kuthibitisha kwamba watu wanatofautiana, na kwamba tofauti hiyo hurithiwa. Himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) ya kawaida na ile ya selimundu hutofautiana mahali padogo sana: katika nafasi ya 6 ya mnyororo wa beta, mmoja wa minyororo inayoiunda, amino asidi (kijenzi cha protini) iitwayo glutamati imeachia nafasi valini, jambo lililobainishwa na mwanasayansi Vernon Ingram katika miaka ya 1950. Mtoto hupokea nakala moja ya jeni ya himoglobini hii kwa baba na nyingine kwa mama. Mwenye nakala mbili za selimundu huugua. Mwenye nakala moja ni mbebaji, na mara nyingi huishi maisha yake yote bila kujua. Baba na mama wakiwa wabebaji wote wawili, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuzaliwa mtoto mgonjwa.

Katika hatua hii wanafunzi wengi hupotoka, wakidhani kwamba jeni ilibadilika kwa kuwa watu walihitaji kinga. Sivyo. Makosa katika kunakili vinasaba hutokea bila kujali faida wala hasara, na mazingira huja baadaye kuamua ni lipi litakaloenea na lipi litakalopotea.

Hatua ya pili ni kupiga hesabu, na tafadhali usiiruke, kwa maana ndiyo inayoonyesha kwamba kuna jambo la kuelezwa. Chukua jamii ambayo asilimia 20 ya watu wazima ni wabebaji. Wakioana bila kuchaguana kwa kigezo hiki, asilimia 4 ya ndoa zitakuwa za wabebaji wawili, na robo ya watoto wa ndoa hizo watakuwa wagonjwa, yaani mtoto 1 katika kila 100 wanaozaliwa katika jamii nzima. Kabla ya tiba za kisasa, wengi wa watoto hao walifariki kabla ya kufikia umri wa kuzaa. Tukichukulia kwamba wote walifariki, na kwamba ubebaji hauna faida yoyote, basi baada ya vizazi 10, ambavyo ni takriban miaka 250, wabebaji wangepungua kutoka asilimia 20 hadi asilimia 10, na wangeendelea kupungua. Kwa nini basi jeni hii bado imejaa?

Sasa tunga jibu linaloweza kushindwa na ushahidi. Mtafiti Anthony Allison, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa makabila mbalimbali nchini Kenya mwaka 1949, akakuta wabebaji ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, lakini ni wachache mno nyanda za juu. Alipendekeza kwamba ubebaji hukinga dhidi ya malaria. Pima jibu hilo dhidi ya jibu shindani, kwamba jeni imefuata tu ukoo na uhamaji wa watu. Wagiriama wa pwani na Wakikuyu wa nyanda za juu wote ni Wabantu, ilhali Waluo wa kandokando ya ziwa ni Waniloti. Kama ukoo peke yake ndio ungekuwa sababu, Wagiriama wangefanana na Wakikuyu. Badala yake wamefanana na Waluo, ambao wako mbali nao lakini wanaishi katika hali ileile ya mbu na homa. Kwangu mimi, ulinganisho huu una uzito kuliko ramani ya malaria, hata iwe nzuri kiasi gani.

Hata hivyo, ramani na makabila havitoshi. Tafuta ushahidi wa moja kwa moja. Mwaka 1954 Allison alichapisha matokeo ya watoto wa Kiganda: vimelea vya malaria vilionekana kwa wabebaji 12 kati ya 43, na kwa wasio wabebaji 113 kati ya 247, yaani takriban asilimia 28 dhidi ya 46. Tofauti hiyo ni ya wastani tu, na inafaa kusemwa hivyo. Tafiti za baadaye, zikiwemo za Kilifi, zilionyesha kwamba kinga iliyo kubwa hasa ni dhidi ya malaria kali inayoua watoto, na hicho ndicho kipimo kinachohusu uteuzi, kwa kuwa mtoto anayenusurika ndiye atakayerithisha jeni yake.

Mwisho, uliza ni nini kitatokea shinikizo la mazingira linaloipa sifa faida likiondolewa. Kwa binadamu jibu huchukua karne, lakini kwa kimelea cha malaria huchukua miaka michache. Mwaka 1993 Malawi iliacha kutumia klorokwini, dawa ya malaria ambayo vimelea vilikuwa vimeizoea kiasi cha kutoifaa tena jamii. Bila dawa hiyo, vimelea sugu havikuwa na faida tena, na vile visivyo sugu vilivyosalia vikazaana kuvipita. Utafiti uliofanyika Blantyre mwaka 2005 ulikuta klorokwini ikiwaponya karibu watoto wote waliopewa. Wanaotunga sera za dawa wanapaswa kulizingatia jambo hilo kila dawa mpya inapoanza kutumika peke yake bila kuunganishwa na nyingine.