Kuvu inayomtegea nzi wa maembe udongoni

Kila mkulima wa maembe amewahi kukutana na hili. Embe linapendeza kwa nje, ukilipasua funza wanarukaruka. Ikifika hapo hakuna dawa ya kupulizia itakayokuokoa, kwa sababu funza yumo ndani ya nyama ya tunda na dawa inaishia kwenye ganda. Nzi jike alishatoboa ganda embe likiwa bado mtini, akataga mayai, akaenda zake.

Lakini funza huyo lazima ashuke chini. Akishashiba hutoka kwenye tunda, hujichimbia udongoni sentimita chache tu, na huko hugeuka pupa, kidude cha hudhurungi kinachofanana na punje ya mpunga. Baada ya siku 10 hivi, kutegemea joto la mahali, nzi mpya hupasua gamba, hupenya udongo na kuruka. Nzi yeyote aliyezaliwa shambani mwako amepita njia hiyo mara mbili: akishuka akiwa funza, akipanda akiwa nzi. Ndiyo maana ninawahimiza wakulima waache kutazama matawi peke yake, watazame na udongo ulio chini ya kivuli cha mwembe.

Nzi anayetusumbua zaidi ni Bactrocera dorsalis, mgeni kutoka Asia. Aligunduliwa Kenya mwaka 2003, na haikuchukua muda akawa ameenea Tanzania, Uganda na nchi nyingine nyingi za Afrika. Hasara yake haiishii kwenye matunda yanayooza. Mwaka 2014 Kenya ilisimamisha yenyewe kupeleka maembe Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda, na soko hilo halikufunguka tena hadi 2021. Miaka saba ni mingi kwa mtu aliyepanda miti kwa ajili ya soko hilo.

Silaha ninayotaka kuieleza ni kuvu iitwayo Metarhizium anisopliae. Si kitu kilichobuniwa maabara: huishi udongoni kwa asili, na wanasayansi wanaijua siku nyingi. Mwaka 1879 Ilya Mechnikov aliijaribu dhidi ya mbawakavu waliokuwa wakiharibu ngano upande wa Odessa. Kwetu huku, watafiti wa icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu jijini Nairobi, walizijaribu aina nyingi za kuvu hii, na mojawapo, ICIPE 69, ikatengenezwa kuwa bidhaa inayotumika dhidi ya vithiripi, vidung'ata na nzi wa matunda. Ndugu yake, Metarhizium acridum, ilipuliziwa nzige wekundu hapa Tanzania mwaka 2009, katika maeneo ya Katavi, bonde la Malagarasi na tambarare za Ziwa Rukwa.

Mdudu hahitaji kuila kuvu hii ili afe. Inatosha aguse mbegu zake, vumbi jepesi la rangi ya kijani lisiloonekana punje kwa punje. Mbegu hunata kwenye mwili wake, na kukiwa na unyevu huota kama mbegu nyingine yoyote. Mzizi wake mdogo hulainisha ngozi ya mdudu kwa vimeng'enya na kuitoboa, kisha kuvu huzaliana ndani, ikimla na kumtia sumu. Hafi siku hiyo. Huchukua siku kadhaa, pengine wiki nzima, na kabla ya kufa hupunguza kula. Mzoga ukibaki mahali penye unyevu, kuvu hutoka nje na kuufunika kwa ukungu wa kijani wenye mbegu mpya tele.

Naomba hapa tuelewane vizuri. Hii ni dawa iliyo hai, na karibu kila malalamiko ya “nimeweka, haikufanya kitu” niliyoyafuatilia yaliishia kwenye namna ilivyotunzwa. Mkulima mmoja alinunua dawa nzuri kabisa, isiyopita muda wake, akaiweka wiki tatu kwenye stoo ya bati. Mbegu zilikufa kwa joto kabla hazijafika shambani. Nilijilaumu, kwa kuwa nilimweleza jinsi ya kupulizia na sikumweleza mahali pa kuihifadhi. Iweke mahali pa baridi, na kama kuna jokofu lisilowekwa chakula, hapo ndipo pake. Dukani muulize muuzaji anaihifadhi wapi. Ukiona chupa imepangwa dirishani inapigwa na jua, iache. Angalia pia tarehe ya mwisho na namba ya usajili: Tanzania ni kwa TPHPA, Kenya ni kwa PCPB, mamlaka zinazosajili viuatilifu.

Kosa la pili ni kubwa zaidi kwa wenye miembe. Tunapulizia viuakuvu dhidi ya ubwiriunga na chule, magonjwa ya miembe yanayoletwa na kuvu, na kiuakuvu hakitambui kuvu rafiki na kuvu adui. Ukichanganya Metarhizium na mankozebu au dawa ya shaba kwenye bomba moja, umeiua mwenyewe. Hata bomba lililotumika jana bila kuoshwa vizuri linatosha kuiharibu, kwa hiyo mwenye uwezo atenge bomba lake. Ratiba inaweza kukusaidia: dawa za ubwiriunga zinahitajika hasa wakati wa maua na matunda machanga, na kuvu hii inahitajika baadaye, matunda yakiwa yamekua na kabla hayajaanza kukomaa. Ikibidi kupulizia chule katikati, acha siku kadhaa zipite na usiloweshe udongo ulioutibu. Wenye miembe jirani na mikorosho wakumbuke kwamba salfa inayopuliziwa mikorosho nayo ni kiuakuvu, na upepo huibeba.

Siku ya kazi, subiri jioni jua likiwa limepoa. Jua kali huua mbegu za kuvu kwa saa chache. Udongo uwe na unyevu kiasi. Kama ni mkavu kabisa, nyunyiza maji kwanza. Palilia na fagia majani makavu ili dawa ifike kwenye udongo wenyewe, kisha pulizia eneo lote chini ya matawi hadi kwenye ukingo wa kivuli. Kipimo fuata kibandiko cha bidhaa uliyonunua, kwa sababu zinatofautiana. Tikisa bomba mara kwa mara maana mbegu huzama, na usilaze mchanganyiko hadi kesho. Kuvu hii haishambulii watu wala mifugo, lakini vumbi lake linaweza kuwasha mapafu, kwa hiyo funika pua na mdomo, vaa glavu.

Sasa niseme na upungufu wake. Kuvu ya udongoni haimgusi nzi aliyezaliwa kwa jirani akaruka hadi kwako. Kwa hiyo tundika mitego ya madume yenye methyl eugenol, kemikali ambayo harufu yake huwavuta, tumia chambo cha protini kinachowavuta majike, na ongea na majirani ili muanze pamoja. Zaidi ya yote, okota maembe yaliyoanguka, angalau mara mbili kwa wiki. Yafunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki uuache juani hadi funza wafe, au yazike kwenye shimo lenye kina cha nusu mita au zaidi. Anayetibu udongo huku maembe mabovu yamelundikwa pembeni mwa shamba anapoteza fedha yake.

Ukitaka kujua kama dawa uliyonunua iko hai, usingoje msimu uishe. Wiki moja baada ya kupulizia, chukua ndoo mbili. Ya kwanza ijaze nusu kwa udongo wa chini ya mwembe uliotibiwa, ya pili kwa udongo wa mwembe usiotibiwa, zote ziwe na unyevu sawa. Juu ya kila udongo weka maembe matano yenye funza, uyachague kwa kuchanganya ili ndoo moja isipate mabovu zaidi. Funika kwa kitambaa chepesi, funga kwa kamba, weka kivulini. Baada ya wiki tatu hesabu nzi waliotoka kila ndoo, kisha chekecha udongo utafute pupa na funza waliokufa. Waweke kwenye chupa yenye karatasi iliyoloweshwa, ifunge siku nne au tano. Wakiota unga wa kijani, kuvu yako inafanya kazi. Wasipoota, na nzi wametoka sawasawa pande zote mbili, rudi dukani na hiyo chupa ya dawa mkononi, na ulizia ilivyosafirishwa.