Unataka kuingiza gari yako kwenye rally? Anza na karatasi kabla hujagusa spea

Wadau wa Arusha na Moshi, heshima kwenu. Msimu wa mbio ukikaribia maswali ni yale yale, kijana wa Sakina ana Subaru Impreza anataka kujua ataingia klasi gani, mzee wa Moshi ana Peugeot 504 imelala bandani miaka na miaka anauliza kama inaruhusiwa kukimbia na hizi za turbo. Zote zinaruhusiwa, ila hazipimwi pamoja, na kinachoamua gari yako ikae kundi gani sio spidi wala muonekano, ni karatasi. Ndio maana nasema usinunue hata boliti moja kabla hujajua karatasi inasemaje, nimeona watu wanamwaga mamilioni kwenye injini halafu siku ya ukaguzi wanaambiwa hii haina kundi.

Kuna sentensi mbili za kanuni za FIA, lile shirikisho la dunia la mbio za magari, uzikariri kabla ya kitu chochote. Ya kwanza, kwa gari za Group N, yaani zile zinazobaki karibu kama zilivyouzwa dukani, chochote ambacho hakijaandikwa kwamba kimeruhusiwa basi kimekatazwa. Yaani usiulize "wapi wamekataza", uliza "wapi wameruhusu". Ya pili, gari ikikutwa haiko sawa na kanuni huwezi kujitetea kwamba ile kitu haikukuongezea nguvu. Hawapimi faida uliyopata, wanapima kama iko sawa au haiko sawa, basi.

Hatua ya 1, tambua gari yako ni nani

Kama ni ya kisasa, tafuta fomu ya homologesheni ya modeli yako. Hii ni karatasi ambayo kiwanda kilipeleka FIA kuonyesha kwamba gari hiyo ni ya kuuzwa kwa watu kweli, kwa Group N na Group A (hii inaruhusu marekebisho zaidi) inatakiwa ziwe zimetengenezwa angalau 2,500 za aina moja ndani ya miezi 12 mfululizo. Ndani yake kuna picha na vipimo vya kila kitu, turbo, meno ya giaboksi, diski za breki, mpaka upana wa bodi. Kimataifa hiyo fomu inaisha nguvu miaka 7 baada ya kiwanda kuacha kuzalisha modeli, ila kwa mbio za ndani chama cha nchi kinaweza kuziachia ziendelee, kwa hiyo Impreza yako ya zamani kidogo usiifute, uliza kwanza.

Sasa hapa ndipo vijana wetu wanapokwama. Mjini humu zimejaa Impreza za injini ya 1.5, mtu anachomoa ile injini anapachika ya turbo, anabandika stika anasema nina STI, ile Impreza kali ya turbo. Kwa macho ni STI kweli na inalia kama STI, lakini mkaguzi anasoma namba ya chasisi, na chasisi inamwambia hii ni bodi ya 1.5 isiyo kwenye fomu. Kwenye Group N hiyo haipiti kabisa. Muulize mwandaaji kama kuna klasi ya wazi inayokubali gari zilizobadilishwa injini, na hiyo injini mpya iwe imeshaingizwa kwenye kadi ya gari TRA, maana kati ya steji na steji, yaani vile vipande vya kukimbia kwa muda, mnaendesha barabara ya kawaida, trafiki anakusimamisha kama mtu yeyote.

Halafu hesabu ya CC. Turbo ya petroli inazidishwa mara 1.7 ndio unapata klasi, kwa hiyo ile injini ya Subaru ya 1,994 inahesabika kama 3,390 hivi. Mtu wa Corolla ya 1.6 bila turbo asiogope, hamko kwenye klasi moja, kwenye matokeo ya jumla mwenye turbo atakupita lakini kombe la klasi yako haligusi. Na turbo yenyewe lazima ivae ristrikta, ile pete inayobana hewa ya kuingia, kwa Group N miaka mingi imekuwa na kipenyo cha mm 32. Mkaguzi anaipima, anapitisha waya, anapiga sili. Sili ikikatika njiani kwa sababu yoyote ile nenda ukaseme mwenyewe kabla hawajaiona.

Kama gari yako ni ya zamani

Mzee wa 504, wewe una njia yako. FIA wana kanuni zinaitwa Appendix K, zinagawa gari kwa vipindi vya miaka: G1 ni 1966 mpaka 1969, H1 ni 1972 mpaka 1975, kipindi I ni 1977 mpaka 1981, na kadhalika. Lengo ni moja, gari ishindane ikiwa kama ilivyokuwa enzi zake. Na kinachohesabiwa ni mwaka wa speki, sio lazima mwaka gari ilipotoka kiwandani, kwa hiyo bodi ya 1974 ukiifunga vitu vya 1979 unahamia kipindi cha juu kwenda kukutana na wakali zaidi.

Kwa mbio za kimataifa za gari za kihistoria unahitaji HTP, hii ni paspoti ya kiufundi ya gari. Unaiomba kupitia chama cha nchi chenye uanachama wa FIA, kwetu ni Automobile Association of Tanzania, wengi tunasema AAT. Fomu yenyewe ni ndefu, usitegemee kuimaliza usiku mmoja. Unapiga picha gari pande zote, chini, ndani, injini, kabureta, breki, springi, kisha unajaza vipimo, mfano 504 ya lita 2 pistoni ni mm 88 na stroku mm 81, CC 1,971, meno ya giaboksi, ukubwa wa rimu. Unaambatanisha kopi ya homologesheni ya enzi hizo, na kwa kitu ambacho hakimo lazima ulete ushahidi wa wakati ule, katalogi ya kiwanda, manyuali ya fundi, picha ya mashindano. Maneno ya "babu alikuwa anaifunga hivi" hayahesabiki hata kama babu alikuwa bingwa. Mkaguzi anakuja anaangalia gari moja kwa moja, ndio inatolewa. Ukibadilisha kitu kilichomo ndani ya HTP au ukiuza gari, itabidi ifanyiwe marekebisho. Na watu wasikudanganye sokoni, HTP haithibitishi kwamba gari fulani ndiyo ileile iliyokimbia Safari Rally enzi za Bert Shankland, yule wa Dar aliyeshinda na Peugeot 404 mwaka 1966 na 1967. Inasema speki tu.

Hatua ya 2, usalama, hapa hakuna cha kipindi wala klasi

Rolikeji, ile fremu ya mabomba ndani ya gari inayokulinda ikipinduka, ndiyo inayorudisha wengi nyumbani. Upinde mkuu unaopita nyuma ya siti, kwa kanuni za FIA za sasa, ni bomba la chuma lisilo na mshono, mm 45 kwa unene wa 2.5 au mm 50 kwa unene wa 2.0. Sasa nenda Unga Limited kwa mafundi wa kuchomelea uwaambie hayo, watakuonyesha bomba la geti, limenyooka vizuri na bei poa, ukikata ndani unaona mstari wa mshono umepita urefu wote. Hilo achana nalo. Lete bomba lenye cheti, fundi achomelee, na risiti utunze.

Siti, mikanda, helmeti, ovaroli, vyote vina lebo ya FIA na mwaka, soma lebo kabla ya kulipa mtumba. Siti ya namba 8855-1999 maisha yake ni miaka 5. Kizima moto kikaguliwe kila miaka 2.

Hatua ya 3, leseni na fomu ya kuingia

Dereva na msoma ramani wote wanahitaji leseni ya mashindano, ile ya udereva ya kawaida haitoshi lakini dereva lazima awe nayo. Klabu ya huku kwetu itakusaidia kujaza, andaa picha, kitambulisho, cheti cha daktari na ada. Hii haina ugumu, tatizo ni watu kwenda wiki ya mwisho.

Kisha subiri kanuni za ziada za mashindano husika zitoke, zisome ZOTE, ndimo kuna klasi, ada na tarehe ya mwisho. Ukishapeleka fomu na ikapokelewa, huo ni mkataba, kwa hiyo usiandike klasi ya kubahatisha. Na bima ya gari ya kawaida mara nyingi haifidii ajali ya kwenye mashindano, ongea na wakala wako akuonyeshe kwa maandishi.

Siku ya ukaguzi na pingamizi

Fika gari ikiwa imeoshwa hata chini, fomu ya homologesheni au HTP ikiwa mkononi original, sio picha ya WhatsApp. Mkaguzi akikosa karatasi hana namna ya kukusaidia hata kama mnafahamiana.

Ukihisi jamaa wa klasi yako kachakachua, usipige kelele kwenye tenti. Mwenye haki ya kuweka pingamizi ni mshindani aliyesajiliwa, kwa maandishi, ataje kanuni iliyovunjwa, aweke na dhamana ya hela, na kwa habari ya gari kutokuwa sawa una dakika 30 tangu matokeo ya awali yabandikwe. Ukiwa na watu wawili wa kulalamikia ni pingamizi mbili tofauti, na mkijikusanya wengi mkaandika barua moja haipokelewi. Ukishinda dhamana inarudi. Na kwa kuwa na wewe unaweza kuwekewa, beba seti ya gasketi kwenye gari ya sevisi, maana wakiamua kufungua injini yako hata ukikutwa msafi bado itabidi uifunge ndio urudi nayo Moshi.