Kupima gesi baridi inayotoka kwenye galaksi za mbali: mstari wa OH kwa ALMA, darubini ya redio iliyoko Chile

Kila molekuli hutoa au kufyonza mawimbi ya urefu wake maalumu, yanayoonekana kama mstari kwenye spektra. Kutafuta gesi inayotoka, wengi hukimbilia CO (kaboni monoksidi). Mimi napendekeza mstari wa OH (haidroksili) wa mikroni 119. Mkia mpana wa mstari wa CO, yaani dalili ya gesi yenye kasi kubwa, unaweza kuletwa na galaksi mbili zinazogongana, lakini OH hufyonza mwanga wa vumbi lililo nyuma yake. Ukiona ufyonzaji umesogea upande wa bluu (mawimbi mafupi zaidi; upande mwekundu ni marefu zaidi), gesi hiyo iko mbele ya galaksi na inakuja kwetu, yaani inatoka.

1. Masafa (frikwensi). OH ina mistari miwili, 2514.3 na 2510.0 GHz. Gawanya kwa 1+z, ambapo z ni kipimo cha jinsi mwanga wa galaksi ulivyosogea upande mwekundu kwa kupanuka kwa ulimwengu. Kwa galaksi ya SPT2319-55 (z = 5.29) unapata 399.7 na 399.0 GHz, ndani ya Bendi 8, mojawapo ya vipokezi vya ALMA. Kwepa z ya karibu 4.6 na 4.9: mvuke wa maji (448 GHz) na oksijeni (425 GHz) za angahewa zitakuzibia njia, hata kule Chajnantor, uwanda ilipo ALMA kwenye mita 5,000. z yenyewe itoke kwenye mstari wa CO au [CII] (wa ayoni ya kaboni). Kosa la 0.01 tu ni takriban km 480 kwa sekunde, na mistari hiyo miwili imeachana kwa km 520 kwa sekunde. Utauchukua mmoja ukidhani ni mwenzake.

2. Madirisha ya spektra, yaani vipande vya masafa vinavyorekodiwa. Weka mawili ya 1.875 GHz yakiwa jirani na yapishane kidogo. Moja hubeba km 1,400 kwa sekunde tu, haitoshi.

3. Kalibresheni. Endesha paipulaini (mfululizo wa hatua za kiotomatiki) ya CASA, programu ya kuchakata data za ALMA.

4. Mwanga wa vumbi. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Usiendeshe `uvcontsub`, amri ya CASA inayoondoa mwanga wa vumbi. Unachopima ni sehemu ya mwanga iliyofyonzwa, kwa hiyo mwanga wenyewe lazima ubaki. Tengeneza mchemraba (picha moja kwa kila chaneli ya masafa) kwa amri ya `tclean` (`specmode='cube'`), chota spektra, kisha linganisha kwa mkupuo mmoja mstari mnyoofu (mwanga wa vumbi) na jozi mbili za mipindo ya Gauss (yenye umbo la kengele), kila jozi ikiwakilisha mistari miwili ya OH: moja kwenye kasi ya galaksi, nyingine huru kusogea. Ndani ya kila jozi, funga umbali wa km 520 kwa sekunde, na upana na kina viwe sawa.

Badala ya mstari mnyoofu usitumie polinomia ya daraja la pili: hujipinda na kuumeza mkia mpana unaoutafuta. Usichukue upande mwekundu kuwa safi pia, maana OH yenye oksijeni-18 iko karibu na mikroni 120, kama km 1,300 kwa sekunde kutoka hapo. Kagua chaneli ambapo madirisha yanapishana. Pakiwa na ngazi (mruko wa ghafla wa kiwango cha mwanga), hata ya asilimia chache, itafanana kabisa na gesi inayotoka. Rudi kwenye kalibresheni, usiisawazishe kwa mkono. Mwisho, piga picha ya kwasari (kiini ang'avu cha galaksi ya mbali) iliyotumika kusawazisha awamu ya mawimbi, kwa vigezo vilevile. Spektra yake ikiwa na shimo palepale, hilo ni ozoni ya angahewa au antena, si galaksi.

5. Kuripoti. Toa v84, kasi ambayo asilimia 84 ya ufyonzaji iko upande wake mwekundu, pamoja na kasi ya ukingo, yaani kasi kubwa kabisa ambapo ufyonzaji bado unaonekana. Kwa SPT2319-55 ukingo hufika karibu km 800 kwa sekunde. Kiasi cha gesi inayotoka kwa mwaka kiandike kama kati ya thamani ya chini na ya juu, kwa kuwa kudhani ganda jembamba au koni iliyojaa kunabadilisha jibu hadi mara tatu.