Pampu ya kisima, chipu moja ya GAL, na programa ya bei ya kuku

Mzee mmoja mwenye ploti huko Manyatta, Kisumu, aliniita nimwangalizie pampu. Kisima chake kikifika kiangazi kinakauka mapema, keateka anawasha swichi halafu anaenda zake, pampu inazunguka bila maji mpaka inanuka, na alikuwa ameshalipia kuriwaindi mota mara mbili. Akataka kitu kinachojua tenki likijaa kizime, tenki likiisha kiwashe, na kisima kikikauka kisiguse kitu.

Mara ya kwanza nilimtengenezea na chipu nne za 74, zile za mantiki za AND, OR na wenzake, waya kama tambi. Ilifanya kazi wiki moja hivi alafu mzee akataka kitufe cha kuzima, na hapo ndio nilijua nimejifunga mwenyewe, ju kuongeza kitu kimoja tu ilikuwa inamaanisha nitoe solda nusu ya bodi. Nikaitupa yote nikaweka GAL16V8 moja, chipu ambayo hizo AND na OR za ndani unazipanga mwenyewe kwa faili. Tangu siku hiyo mawazo yakibadilika nachomoa chipu kwa soketi, naichoma, yaani naiandika, upya kwa laptopu, narudisha. Waya hazijui ata kama kuna kitu kilibadilika.

Kwa wale hawajawahi kuziona: PAL, babu wa GAL, zilitoka kwa Monolithic Memories mwaka 1978, na zile ukichoma umechoma, ukikosea unatupa. GAL za Lattice zikakuja 1985 zikiwa zinafutika kwa umeme. Lattice waliacha kuzitengeneza kitambo, lakini Atmel walikuwa na zao, ATF16V8 na ATF22V10, na tangu Microchip wanunue Atmel mwaka 2016 ni wao wako nazo. Ya 16V8 ina pini 20 na autiputi nane, ya 22V10 ina pini 24 na autiputi kumi. Ndani yake usitafute prosesa, hakuna. Kuna safu ya AND zinazoingia kwa OR, na, kwa 16V8, fuzi 2194 zinazosema ni inputi gani imeungana na wapi. Tunaita fuzi ju ya ukoo tu, hakuna kitu kinaungua.

Najua mtu ashaanza kuuliza mbona nisitumie Arduino, ile bodi ndogo yenye prosesa. Tumia bro, hakuna atakukamata. Mimi sipendi vile relei ya pampu ikikata mwendo inaleta kelele kwa waya na kidude kinajirisetisha ama kinaganda katikati ya programu. GAL haina programu ya kuganda, inputi ikibadilika autiputi inafuata ndani ya nanosekunde 15 kama chipu yako imeandikwa -15, basi.

Sasa vifaa. Chukua ATF16V8B mpya kutoka kwa muuzaji anayeeleweka, ata kama utangoja parsel itoke Nairobi na matatu ya usiku. Niliwahi kununua kumi mtandaoni zimeandikwa GAL16V8D, bei tamu ajabu, zikakuja na maandishi yanang'aa kuliko chipu yenyewe. Nikapitisha pamba yenye asetoni, maandishi yakatoka yote kama rangi ya kucha, chini yake kuna jina lingine. Nne zilikataa kabisa, sita zilichomeka lakini siwezi kuziweka kwa kitu cha mtu.

Programa, yaani kidude cha kuandikia chipu: ya kununua, wengi wako na TL866II Plus ama mdogo wake T48. Ni nzuri, inachoma chipu za kumbukumbu za EPROM pia, lakini bei yake ni ya mbuzi. Kama uko na Arduino UNO imelala kwa droo kuna mradi wa bure unaitwa Afterburner, unaongeza moduli ndogo ya kupandisha volti, MT3608, ju chipu hizi zinataka volti kumi na kitu ndio zikubali kuandikwa na UNO inatoa 5 pekee. Ujanja mmoja: ile skrubu ya MT3608 unaweza kuizungusha raundi kumi na zaidi upande wa kushoto na hakuna kitu kinabadilika kwa tester, nilidhani nimeletewa mbovu. Endelea kuzungusha, iko mbali tu. Na usiweke chipu kwa soketi kabla hujapima hiyo volti.

Upande wa softwea, WinCUPL ndio ya kizee ya Atmel, ni ya bure lakini inaanguka anguka kama mlevi. Mimi natumia galette, inafanya kazi kwa terminali, unaipa faili la maandishi inakupa faili la .jed, na hilo .jed ndio programa inakula. Andika kwa notipadi yoyote ile, faili langu la pampu, pampu.pld, linakaa hivi:

GAL16V8
PAMPU03

NC CHINI JUU KAVU1 KAVU2 ZIMA NC NC NC GND
NC NC NC NC NC NC UKAME PAMPU NC VCC

UKAME = KAVU1 + UKAME * KAVU2

PAMPU = /CHINI * /JUU * /UKAME * /ZIMA + PAMPU * /JUU * /UKAME * /ZIMA

DESCRIPTION
Pampu ya kisima na tenki

Mstari wa kwanza ni aina ya chipu (ATF16V8 pia inaandikwa GAL16V8), wa pili ni jina lisilozidi herufi nane. Halafu majina ya pini kwa mpangilio, 1 hadi 10 mstari wa juu, 11 hadi 20 wa chini, NC ni pini ambayo haina kazi, GND ni ardhi, VCC ni 5V. CHINI na JUU ni floti, swichi zinazoelea, za tenki, zinasoma 1 maji yakizifikia; KAVU1 na KAVU2 ni floti za kisima, zinasoma 1 zikikauka; ZIMA ni kitufe. Nyota ni NA, jumlisha ni AU, mkwaju ni SIO. Kwa hivyo soma PAMPU kama unavyoongea: washa kama tenki liko chini na halijajaa na hakuna ukame na hakuna mtu ameshika kitufe, AU kama tayari ilikuwa imewaka na bado halijajaa na hakuna ukame na kitufe hakijashikwa. Hiyo nusu ya pili ndio siri yote. PAMPU inajiangalia yenyewe, ndio maana floti ya chini ikifunikwa na maji pampu haizimi, inaendelea mpaka ya juu. Na maji yakicheza cheza kwa floti ya juu, ikigusa mara moja tu imezima na haiwashi tena mpaka tenki lishuke mpaka chini, kwa hivyo hakuna haja ya kuhangaika na floti inayotetemeka.

Mstari wa UKAME haukuwa hapo mwanzo. Nilikuwa na floti moja kwa kisima nikidhani inatosha. Basi siku tenki na kisima zote ziko chini, maji yanapanda sentimita moja pampu inawaka, inayavuta, yanashuka inazima, yanapanda tena, relei ikawa inapiga ta-ta-ta-ta kama cherehani ya fundi wa soko la Kibuye, na keateka akanipigia simu saa nne usiku akiniambia hiyo kitu yako imeingiwa na pepo. Dawa ilikuwa floti ya pili juu kidogo ya ile ya kwanza: UKAME inaingia ile ya chini ikikauka, na haitoki mpaka ile ya juu ilowe. Floti moja, waya moja kwa pini 5 iliyokuwa bure, mstari mmoja kwa faili. Na zile chipu nne za zamani hapo ningelia.

Mbona PAMPU iko pini 18 na UKAME 17? Kwa sababu 16V8 ina tabia zake. Kwa modi moja pini 15 na 16 haziwezi kurudisha autiputi yake ndani ijisome, kwa modi nyingine ni 12 na 19 ndio haziwezi, na ni softwea inachagua modi kulingana na vile umeandika. Kitu chochote kinachojisoma kiweke 13, 14, 17 au 18 na utalala usingizi. Hii ilinila jioni nzima.

Kuhusu waya. Kila inputi iko na rezista ya 10k kwenda 5V, na floti inaunganisha pini na ardhi. Floti za tenki ziweke ili zikiinuliwa na maji zikate, pini isome 1. Za kisima zigeuze, zikiinuliwa ziunge, zikikauka zikate zisome 1. Najua inachanganya lakini fikiria panya amekula waya: ya tenki ikikatika chipu inadhani tenki limejaa, ya kisima ikikatika inadhani kumekauka, na kote pampu inaishia kuzima. Kitufe pia nunua kile kinachokata ukikibonyeza, sababu ni hiyo hiyo.

Autiputi isiguse relei moja kwa moja, chipu hii inatoa miliampia 4 tu kwenda juu. Weka rezista ya 1k, transista BC547 na diodi 1N4007 mgongoni mwa koili, na hiyo relei ndogo iwashe kontakta, ile relei kubwa ya stima nyingi, kontakta ndio iwashe pampu. Kapasita ya 0.1 mikrofaradi ikae karibu kabisa na pini 20 na 10, usiipuuze. Upande wa volti 240 kama haujazoea mwite fundi wa stima, sitanii.

Kuchoma kwenyewe ni dakika. Kwa terminali, minipro ikiwa ndio softwea inayoendesha TL866II Plus na T48:

galette pampu.pld
minipro -L 16V8
minipro -p ATF16V8B -w pampu.jed

Hiyo ya katikati inakuorodheshea majina, nakili jina la chipu yako vile lilivyo, ju ukichagua aina isiyo yake itaandika takataka ama ikatae. Wa Afterburner wataandika hivi:

afterburner ewv -f pampu.jed -t ATF16V8B

yaani futa, andika, hakikisha. Fuzi ya kufunga usiiguse, ukiiwasha huwezi kusoma tena kilicho ndani, ingawa kufuta na kuandika upya bado unaweza. Na usichome kwa raha tu, datashiti inasema mara 100. Kabla uipeleke kwa kisima ijaribu mezani, LED na rezista kwa pini 18, waya tano unazigusisha ardhini kwa mkono ukijifanya maji. Ikipata joto kidogo usishtuke, chipu hizi zinakunywa stima ata zikiwa hazifanyi kitu, ndio maana siziweki kwa kitu cha betri.

Kitu kimoja cha kujua, stima ikipotea na kurudi wakati tenki liko katikati, PAMPU inaweza kuamka ikiwa imewaka ama imezima, hakuna kitu kinachoilazimisha. Kwa mzee haina neno, ikiwaka itajaza izime, ikizima itangoja tenki lishuke. Kwa mashine ya kukata kitu ningetafuta njia nyingine.

Na ule mstari wa pili wa faili badilisha namba kila ukibadilisha kitu, uandike pia kwa kibandiko juu ya chipu, maana chipu tatu zikikaa kwa droo moja zote zinafanana. Iliyoko Manyatta sai imeandikwa PAMPU03. Ya 02 nilikuwa nimesahau kuandika /JUU kwa nusu ya pili ya PAMPU, tenki likamwagika, na majirani wa mzee walifua nguo siku hiyo bila kuchota.