Namna ya Kupeleka Hoja ya Kata Barazani: Mwongozo kwa Diwani Mpya

Mkutano wa kawaida wa Baraza la Madiwani hufanyika kila baada ya miezi mitatu, na muda wa kila kata kusikika humo ni mfupi. Hoja isipoandaliwa mapema, wananchi waliokutuma watasubiri robo nyingine nzima.

Anzia kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo wewe ndiye mwenyekiti wake na mtendaji wa kata ndiye katibu. Wenyeviti wa vijiji waje na mihtasari ya vikao vyao, na kila mtakalokubaliana liandikwe na kusainiwa. Chukua mfano wa zahanati ambayo wananchi wameijenga kwa nguvu zao hadi usawa wa lenta, kisha boma likabaki linanyeshewa masika baada ya masika. Ukisimama barazani na kusema kwamba zahanati yenu imesahaulika, utajibiwa kuwa suala hilo linafanyiwa kazi. Eleza badala yake boma liko kijiji gani, wananchi walichangia nini, kazi gani imebaki, mhandisi alikadiria gharama kiasi gani, na kama fedha hizo zimo katika bajeti ya mwaka unaoishia Juni 30. Kisha omba jambo moja tu, yaani tarehe ya fedha kufika kijijini, na uhakikishe kwamba mkurugenzi, ambaye ndiye katibu wa Baraza, analiingiza jibu lake kwenye muhtasari.

Makabrasha yasome yote kabla ya kikao, hasa taarifa ya mapato na matumizi. Kwa halmashauri zetu za Mtwara na Lindi, iwe Tandahimba, Newala au Nachingwea, robo ya Oktoba hadi Desemba inahitaji jicho kali kuliko zote, kwa kuwa ndipo minada ya korosho inapopamba moto na ushuru wa mazao unapoingia. Omba kwenye vyama vya ushirika vya wakulima (AMCOS) vya kata yako takwimu za kilo zilizouzwa na bei ya kila mnada, uzilinganishe na kilichoandikwa. Fuatilia pia asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa ajili ya mikopo, ambapo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Ni haki ya vikundi vya kata yako, na kwa maoni yangu diwani asiyeifuatilia anawanyima watu wake mtaji.

Ikiwa wewe au mwenzi wako ana maslahi katika jambo linalojadiliwa, litamke mapema na usishiriki mjadala wala kura.

Katika mkutano unaofuata, usikubali ajenda ya yatokanayo, yaani utekelezaji wa yaliyoamuliwa mkutano uliopita, ipitishwe harakaharaka. Jibu la "utekelezaji unaendelea" likijirudia, omba litajwe jina la idara inayohusika, kiasi kilichokwisha kutolewa na siku ya kukamilisha. Majibu hayo yapeleke kwenye mkutano mkuu wa kijiji, uyasome kama yalivyoandikwa, hata pale ambapo Baraza limekataa ombi lenu, na uwaeleze wananchi sababu zilizotolewa ili waamue wenyewe kama hoja irudishwe kwenye kamati ya kata.