SOMO: FCC wakibisha hodi kukagua redio yako nyumbani (Marekani)

Ufanye nini FCC, yaani tume ya serikali ya Marekani inayosimamia mawasiliano, wakibisha hodi? Swali hili nimelijibu faraghani mpaka nimechoka, kwa hiyo naliweka hapa. Linawahusu wenye leseni ya redio ya ridhaa (wanaorusha mawasiliano ya redio kwa kujifurahisha, si kwa biashara) mnaoishi Marekani.

1. Leseni iwe hai. Inadumu miaka 10, na nakala unaipakua bure kwenye ULS, mfumo wa leseni wa FCC mtandaoni.

2. Barua pepe uliyoandikisha ULS iwe unaifungua. Barua ya FCC ikikosa kukufikia, leseni inaweza kusimamishwa au kufutwa.

3. Mlangoni. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Kwanza mwombe mkaguzi beji na kitambulisho. Ukiwa na shaka, piga simu FCC kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, siyo anayokupa yeye. Akishathibitika, usimwambie arudi kesho. Kifungu cha 303(n) cha Sheria ya Mawasiliano ya 1934 kinawapa FCC mamlaka ya kukagua mitambo, na kanuni ya FCC namba 97.103(c) inakutaka wewe mwenye leseni uonyeshe kituo na kumbukumbu zake ukiombwa. Hana ruhusa ya kuvunja mlango, lakini kukataa kwako kunaweza kuzaa faini au kukugharimu leseni.

Najua mtaniletea kesi ya Camara ya 1967, ambapo Mahakama ya Juu ilisema mwenye nyumba ana haki ya kudai hati ya upekuzi ya mahakama kabla mkaguzi wa jiji hajaingia. FCC wanashikilia kwamba ukaguzi wao hauhitaji hati. Kwangu, hoja ya Camara ina uzito wa kweli, ila ni ya wakili kuipeleka mahakamani. Usiipiganie kizingitini.

ANGALIENI: kukubali redio ikaguliwe si kukubali nyumba ipekuliwe. Mpeleke kwenye chumba cha redio, basi. Akija na polisi, sema kwa adabu na kwa sauti kwamba ruhusa yako ni ya ukaguzi wa redio tu.

4. Onyesha mtambo, jibu ukweli, andika jina lake na saa aliyofika.

MASWALI

Kijana wa Houston: Kwa hiyo wanaweza kuvunja mlango?

Mwandishi: Soma namba 3.

Mpita Njia: Mimi sina leseni, kwa hiyo hawanihusu, sivyo?

Mwandishi: Wanakuhusu. Kifungu cha 303(n) kinagusa kila kituo kinachopaswa kuwa na leseni, uwe nayo usiwe nayo. Kata leseni, ndugu.

Mama Neema: Samahani kaka, mimi si mwanaredio. Jirani anasema chaja yangu inamletea kelele kwenye redio. Nami naweza kukaguliwa?

Mwandishi: Swali zuri sana, dada. Ndiyo: kanuni 15.29 inagusa hata vifaa visivyo na leseni. Wakikuarifu kwamba chaja inaleta usumbufu unaodhuru, unapaswa kuizima mpaka itengenezwe. Kabla hayajafika huko, mwite jirani, muichomoe pamoja huku akisikiliza. Kelele ikibaki palepale, chanzo ni kingine.

Fundi Antena: Na mgeni akitumia kituo changu?

Mwandishi: Mwandike kwenye daftari, jina, alama ya wito (utambulisho wake wa redioni) na saa. Pasipo maandishi, FCC watachukulia kwamba mwendeshaji alikuwa wewe.

Kijana wa Houston: Na kwa Dar je?

Mwandishi: Kichwa kinasema Marekani. Mambo ya 5H (alama za wito za Tanzania) waulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya huko.

Fundi Antena: Kumbe daftari lina kazi! Hesabu za mionzi ya antena nazo niziweke humo?

Mwandishi: Ziweke, pamoja na masafa, wati na umbali wa antena hadi kwa jirani. Tathmini hiyo ya usalama wa mionzi kwa watu unawajibika kuifanya, na mkaguzi akiiuliza utakuwa nayo mkononi. Ukikwama kwenye hesabu, niandikie tuzifanye pamoja.