Kibao cha moto kionekane: kupima ukubwa na kuchagua mahali pa kukiweka

Makosa mengi ya vibao vya moto, yaani vile vinavyoonyesha njia ya kutokea au vifaa vya kuzimia moto, huanza dukani. Mtu anakishika kibao mkononi, anakiona kikubwa, ananunua. Kikishafungwa juu ya mlango mwishoni mwa korido, hakisomeki. Ndiyo maana mimi huanza na futi ya kupimia, kibao hukichagua baadaye.

1. Simama mbali kabisa. Tafuta pahali pa mbali zaidi ambapo mtu atakitegemea kibao hicho kumwonyesha njia, kisha pima kutoka hapo hadi kitakapokaa. Usiitegemee ramani ya jengo peke yake; haikuonyeshi rafu, mapazia wala boriti inayoning'inia katikati.

2. Geuza umbali kuwa ukubwa. Kiwango cha Ulaya cha taa za dharura, EN 1838, kina hesabu nyepesi: kimo cha mchoro ulio kwenye kibao zidisha kwa 100 kama kibao kinamulikwa na taa ya nje, au kwa 200 kama taa imo ndani yake. Jibu ndio umbali wa mwisho wa kukiona. Kwa korido ya mita 24, yaani milimita 24,000, unahitaji mchoro wa milimita 240, au 120 ukitumia kibao chenye taa ndani. Pima mchoro wenyewe, usihesabu mpaka mweupe wala mstari wa maandishi chini yake. Hapo ndipo wengi hujidanganya. Marekani, ambako neno la kutokea huandikwa kwa herufi, kanuni ya usalama wa watu ndani ya majengo, NFPA 101, inataka herufi zisipungue milimita 150 kwa kimo. Kanuni ya nchi yako ikidai zaidi ya hesabu hii, ifuate hiyo.

3. Angalia pembe. Kibao kilichobandikwa bapa kwenye ukuta wa korido humwangalia anayesimama mbele yake, si anayekuja kutoka ubavuni. Ukikitazama kwa pembe ya nyuzi 60 kutoka mbele yake, upana wake unaonekana nusu tu. Ukizidi hapo unabaki mstari. Kwenye korido tumia kibao kinachochomoza kutoka ukutani au kinachoning'inia darini, chenye mchoro pande zote mbili. Mtungi wa kuzimia moto ulioingizwa ndani ya kishubaka ndio unaohitaji kibao cha namna hii kuliko vyote, kwa sababu wenyewe hauonekani mpaka uufikie.

4. Chagua kimo. Vibao vya kutokea kwa kawaida hukaa kati ya mita 2 na 2.5 kutoka sakafuni, juu ya vichwa vya watu. Lakini moshi wa moto hupanda na kujaa darini kwanza, kwa hiyo usikipandishe kibao hadi kugusa dari kwa sababu tu pale pana nafasi. Palipo na njia ndefu, ongeza alama za chini karibu na sakafu, anayetambaa ataziona. Usibandike kibao cha kutokea kwenye ubao wa mlango wenyewe: mlango ukifunguliwa, kibao kinageukia ukuta. Kiweke juu ya fremu.

5. Usiache pengo. Kila kona, kila ngazi, kila njia panda iwe na kibao. Ukisimama chini ya kimoja, lazima ukione kinachofuata. Kijani na nyeupe ni njia ya kutokea, nyekundu na nyeupe ni vifaa vya kuzimia moto. Weka mbali mabango mengine ya rangi hizo.

6. Mwanga. Vibao vinavyong'aa gizani hunyonya mwanga kwanza. Katika stoo ambayo taa huzimwa siku nzima, umeme ukikatika havina mwanga wa kutoa. Huko weka chenye taa na betri.

7. Jaribu kabla ya kutoboa ukuta. Kata karatasi ya ukubwa uleule, ibandike kwa gundi ya karatasi, kisha rudi pale pa hatua ya 1. Tazama umesimama, umeketi, umechuchumaa. Niliwahi kufunga kibao cha mtungi kikaonekana vizuri. Nilipopita tena, maboksi yalikuwa yamepangwa mbele yake hadi juu. Tangu siku hiyo huuliza mzigo utafika kimo gani kabla ya kuchukua drili, na kibao hukipandisha juu ya kimo hicho. Mtungi wenyewe lazima ubaki na nafasi ya kufikiwa, kwa hiyo eneo lililo mbele yake hulichorea mistari sakafuni.